Nani Anamlipa Mfagiaji? Mameya wa Chicago na Historia ya Ajira za Fadhila

Muhula uliopita, katika semina ya jioni ninayofundisha kuhusu historia ya miji, mwanafunzi mmoja aliinua mkono wakati wengine walikuwa wameanza kufunga madaftari. Ni mtu mzima, mtumishi wa halmashauri ambayo sitaitaja, anayesoma shahada ya uzamili baada ya saa za kazi. Tulikuwa tumezungumzia namna mameya wanavyopatikana katika nchi mbalimbali. Akasema: "Mwalimu, tuache kwanza habari ya meya kuchaguliwa. Mtumishi kama mimi, nani hasa ananilipa mshahara?" Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alieleza kwamba mkuu wake mmoja alikuwa amemwambia, mbele ya wenzake, kuwa kazi aliyonayo ni fadhila, na kwamba fadhila hurudishwa wakati wa uchaguzi.

Sikumjibu vizuri siku ile. Nilimpa jibu la kitabuni: mshahara hutoka katika kodi, kodi hutoka kwa wananchi, kwa hiyo mwajiri wake ni wananchi. Akaitikia kwa adabu, "Nimekuelewa, Mwalimu," kwa sauti ya mtu ambaye hakushawishika hata kidogo. Makala hii ni jibu langu la pili. Nimelitafuta mbali, katika jiji la Chicago nchini Marekani, kwa sababu huko swali lake liliulizwa kwa miaka mingi, likagharimu maisha ya watu na vyeo vya watu, na hatimaye likafikishwa mahakamani.

Meya aliyeuawa kwa ajili ya cheo

Chicago ilipata hadhi ya jiji mwaka 1837, na meya wake wa kwanza alikuwa William Ogden, mfanyabiashara wa ardhi. Siku hizo meya alikaa madarakani mwaka mmoja tu. Muda huo ukaongezwa kuwa miaka miwili mwaka 1863, kisha minne mwaka 1907. Msomaji wa Tanzania azingatie tofauti moja ya msingi. Kwetu meya huchaguliwa na madiwani wenzake, na mtendaji mkuu wa halmashauri ni mkurugenzi anayeteuliwa. Chicago meya huchaguliwa na wapiga kura wenyewe, naye ndiye mtendaji mkuu: huteua wakuu wa idara, huandaa bajeti na huongoza vikao vya Baraza la Jiji. Kila kata humchagua diwani wake, na tangu mwaka 1923 kata hizo ni 50.

Jiji hilo lilikua kwa kasi ya kushangaza. Moto mkubwa wa Oktoba 1871 uliteketeza eneo lake la kati na kuwaacha watu wapatao 100,000 bila makazi, lakini kufikia mwaka 1890 wakazi wake walikuwa wamezidi milioni moja. Jiji la namna hiyo lilihitaji polisi, wazimamoto, wafagiaji, wakaguzi wa majengo na mafundi wa mabomba. Kila nafasi ilikuwa na mshahara, na kwa sehemu kubwa aliyeamua nani apate mshahara huo alikuwa mwanasiasa.

Carter Harrison alikuwa mmoja wa mameya waliopendwa sana katika karne hiyo. Alishinda uchaguzi mara tano. Jioni ya tarehe 28 Oktoba 1893, siku mbili kabla ya kufungwa kwa Maonesho ya Dunia yaliyofanyika jijini humo, kijana aitwaye Patrick Eugene Prendergast alifika nyumbani kwa meya, akakaribishwa ndani, akampiga risasi na kumuua. Prendergast alikuwa msambazaji wa magazeti. Alijiaminisha kwamba, kwa kuwa alimpigia Harrison kampeni, alistahili kuteuliwa kuwa mwanasheria mkuu wa jiji, ingawa hakuwa mwanasheria. Akili yake ilikuwa na hitilafu. Wakili Clarence Darrow alijaribu kumwokoa kwa hoja hiyo, bila mafanikio, naye akanyongwa mwaka 1894.

Ni rahisi kulipuuza tukio hilo kama kazi ya mwendawazimu. Hata hivyo, mwendawazimu naye huokota mawazo yake katika mazingira anamoishi. Prendergast hakubuni wazo kwamba anayepiga kampeni hudai kazi. Alilikuta mitaani, akaliamini kupita kiasi.

Mwaka 1895 jimbo la Illinois lilipitisha sheria ya utumishi wa umma, na wapiga kura wa Chicago wakaikubali. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kazi nyingi za jiji zilipaswa kutolewa kwa mitihani ya ushindani. Kama ingetekelezwa kikamilifu, makala hii ingeishia hapa. Lakini sheria iliacha mlango wa nyuma: pale ambapo mtihani haujafanyika, mtu angeweza kuajiriwa kwa muda. Ikawa mitihani haifanyiki, na ajira za muda zinaongezwa tena na tena, hata mtu akastaafu akiwa bado mfanyakazi "wa muda". Wasomaji wangu walio maofisini hawahitaji maelezo zaidi juu ya ujanja huo.

Mtambo unaundwa

Mwaka 1931 Anton Cermak, mhamiaji aliyezaliwa Bohemia, alimshinda meya William Hale Thompson wa chama cha Republican. Thompson alilikejeli jina la kigeni la mpinzani wake, na kejeli hiyo ikamgharimu, kwa maana jiji zima lilijaa watu wenye majina ya kigeni: Wapolandi, Wacheki, Wayahudi, Waitaliano, Wajerumani. Cermak aliwaunganisha pamoja na Waairishi chini ya chama cha Democratic. Tangu siku hiyo hadi leo, hakuna Mrepublican aliyechaguliwa kuwa meya wa Chicago. Cermak mwenyewe hakuyafaidi matunda. Februari 1933, akiwa Miami pamoja na rais mteule Franklin Roosevelt, alipigwa risasi na Giuseppe Zangara, akafariki dunia mwezi uliofuata. Lakini muundo aliouacha uliendelea kuishi. Wamarekani waliuita "mashine". Mimi nitauita mtambo.

Mtambo ulifanya kazi hivi. Kila kata iligawanywa katika maeneo madogo ya kupigia kura, na kila eneo lilikuwa na mjumbe wa chama. Wale wanaomkumbuka balozi wa nyumba kumi watamwelewa mara moja. Mjumbe alijua nani ana mgonjwa, nani hana kazi, nani pipa lake la taka halijachukuliwa. Aliwasaidia, na siku ya uchaguzi aliwapeleka kituoni. Mjumbe huyu, mara nyingi, alikuwa na kazi ya jiji: karani, mkaguzi, dereva. Kazi hiyo aliipata kwa barua ya kiongozi wa chama wa kata yake. Eneo lake likileta kura za kutosha, kazi ilibaki. Kura zikipungua, barua nyingine iliandikwa, kwa ajili ya mtu mwingine. Mkono mtupu haulambwi, na mtambo ulihakikisha kwamba mkono wake hauwi mtupu kamwe, kwa kuwa uliujaza kwa fedha za umma.

Aliyeufikisha mtambo kileleni alikuwa Richard J. Daley, mtoto wa familia ya Kiairishi kutoka mtaa wa Bridgeport. Mwaka 1953 alikuwa mwenyekiti wa chama cha Democratic katika Wilaya ya Cook, inayojumuisha Chicago. Mwaka 1955 akawa meya, na hakuachia uenyekiti. Hapo ndipo penye kiini cha historia yote hii. Kabla yake, mara nyingi meya na mwenye chama walikuwa watu wawili walioweza kuzuiana. Sasa mtu yule yule aliyesaini bajeti ya jiji ndiye aliyesaini orodha ya wagombea wa chama. Makadirio ya kawaida ni kwamba kazi zaidi ya 30,000 zilikuwa chini ya mkono wake. Alishinda uchaguzi mara sita mfululizo, na kifo pekee ndicho kilichomwondoa ofisini, tarehe 20 Desemba 1976.

Waliopewa na walionyimwa

Nisingependa msomaji adhani kwamba namchora Daley kama shetani. Jiji lake lilifanya kazi. Theluji ilizolewa, taka zilichukuliwa, uwanja wa ndege wa O'Hare ukawa miongoni mwa viwanja vyenye shughuli nyingi kuliko vyote duniani, barabara kuu zikajengwa. Mtambo pia ulikuwa ngazi ya maskini. Mhamiaji ambaye hakuna kiwanda kilichotaka kumpa kazi ya heshima aliweza kumpeleka mwanawe polisi au zimamoto, na mwana huyo akanunua nyumba. Anayebeza ajira za fadhila bila kukiri jambo hili hawatendei haki maelfu ya familia zilizolishwa nazo.

Swali ni kwamba fadhila hiyo ilinunua nini. Jibu linaonekana wazi katika kata za Wamarekani weusi. Chini ya mbunge William Dawson, mwanasiasa mweusi mwenye nguvu kubwa katika upande wa kusini wa jiji, kata hizo zilileta kura nyingi mno kwa mtambo. Mwaka 1963 Daley alipata upinzani mkali, na wapiga kura wengi weupe walimkimbilia mpinzani wake. Kura za weusi ndizo zilizomwokoa. Wapiga kura hao walipata nini? Walipata kazi, nyingi zikiwa za ngazi ya chini. Walipata pia majengo ya Robert Taylor Homes, yaliyokamilika mwaka 1962: majengo 28, kila moja la ghorofa 16, yakiwa yamepangwa mstari mmoja kando ya barabara kuu, na wakazi wake wakiwa karibu wote weusi.

Shule za watoto wao zilijaa kupita uwezo, ilhali kulikuwa na nafasi katika shule za mitaa ya jirani ya weupe. Oktoba 1963 zaidi ya wanafunzi 200,000 walisusia masomo kwa siku moja kupinga hali hiyo. Katika Baraza la Jiji kulikuwa na madiwani sita weusi wa mtambo. Wananchi waliwaita "sita walio kimya". Ukimya huo haukutokana na ujinga. Kila mmoja wao alikuwa na mamia ya watu katani mwake ambao chakula chao cha kesho kilitegemea barua yake. Diwani ambaye angesimama kuikosoa shule alijua kwamba kesho yake wafagiaji wa kata yake wangekosa kazi.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo ninapomwona mwanafunzi wangu. Ajira ya fadhila humfunga anayeipokea, na kupitia yeye humfunga pia jirani yake ambaye hajawahi kupewa chochote, kwa sababu mtu ambaye angemsemea naye ana kazi ya kulinda. Martin Luther King alipohamia katika nyumba ya kupanga upande wa magharibi wa jiji mwaka 1966, kupigania haki ya makazi, alikumbana na wanasiasa na wachungaji weusi waliomtaka aondoke. Hawakuichukia haki, walikuwa na deni.

Mwanasheria aliyeshindwa uchaguzi

Sasa tufike kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa meya. Mwaka 1969 mwanasheria kijana, Michael Shakman, aligombea nafasi ya mjumbe katika mkutano wa kutunga katiba mpya ya Illinois, bila kuungwa mkono na mtambo. Akashindwa. Wengi wakishindwa hulalamika kwamba kura zimeibwa. Shakman alikuja na hoja nyingine, rahisi na nzito. Alisema kwamba mgombea asiye na chama huanza mbio akiwa nyuma, kwa sababu mpinzani wake ana jeshi la wapiga kampeni wanaolipwa na hazina ya umma. Kodi yake yeye Shakman, na kodi ya kila aliyemuunga mkono, ndiyo iliyowalipa watu wa kumshinda. Akafungua kesi katika mahakama ya serikali kuu dhidi ya chama, jiji na viongozi wake.

Kesi ilitupwa, ikakatiwa rufaa, ikafufuliwa. Mwaka 1972 pande zilizoshtakiwa, likiwamo jiji la Daley, zilikubali mbele ya mahakama kwamba mtumishi hatafukuzwa wala kuadhibiwa kwa sababu za kisiasa. Mwaka 1976, katika kesi nyingine iliyotoka wilaya hiyo hiyo ya Cook, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kumfukuza mtumishi wa kawaida kwa sababu ya chama chake ni kinyume cha katiba. Ni vyema kukumbuka kwamba katika kesi hiyo waliofukuzwa walikuwa Warepublican, na aliyewafukuza alikuwa afisa wa Democratic. Mwaka 1990 mahakama hiyo hiyo ilipanua kanuni hiyo hadi kwenye kuajiri, kupandisha vyeo na kuhamisha watumishi. Safari hii aliyelalamikiwa alikuwa upande wa Republican wa Illinois. Vyama vilibadilishana viti vya mshtakiwa, lakini tabia ilikuwa ile ile.

Harold Washington na silaha aliyoiweka chini

Daley alipofariki dunia mwaka 1976, diwani mweusi Wilson Frost, aliyekuwa mwenyekiti wa muda wa Baraza, alidai kwamba yeye ndiye kaimu meya. Mtambo ulimweka pembeni na kumchagua Michael Bilandic. Kisha theluji ikafanya ambacho wapinzani walishindwa: Januari 1979 jiji lilifunikwa, barabara zikazibika, na treni zikawa zinapita bila kusimama katika vituo vya mitaa ya weusi. Wiki chache baadaye Bilandic alishindwa katika kura za mchujo na Jane Byrne, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuwa meya wa Chicago.

Mwaka 1983 Byrne alitaka kurudi. Richard M. Daley, mtoto wa marehemu, naye alitaka kiti cha baba. Kura za weupe zikagawanyika. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Aliyepita katikati yao alikuwa Harold Washington, mbunge mweusi, akiwa na takriban asilimia 36 ya kura za mchujo, akibebwa na wapiga kura weusi zaidi ya 100,000 waliokuwa wameandikishwa upya. Katika jiji ambamo mshindi wa mchujo wa Democratic kwa kawaida alikuwa meya tayari, ghafla Warepublican wakapata uhai. Viongozi kadhaa wa Democratic walimuunga mkono mgombea wa Republican, Bernard Epton, ambaye kaulimbiu yake iliwataka wapiga kura wachukue hatua kabla hawajachelewa. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa wachelewe nini. Tarehe 12 Aprili Washington alishinda kwa asilimia 51.7.

Washington hakuwa mgeni wa mtambo. Alikuwa mtoto wake. Baba yake alikuwa mjumbe wa chama katika eneo lao la kupigia kura, naye mwana alirithi nafasi hiyo na kupata kazi katika ofisi ya mwanasheria wa jiji. Alijua barua zilivyoandikwa. Mwaka huo huo wa 1983, akiwa meya, alikubali hati ya pili ya kesi ya Shakman: sasa siasa zilikatazwa pia katika kuajiri, isipokuwa katika nafasi chache za juu za kisera. Kwa kalamu yake aliiweka chini silaha ambayo mameya waliomtangulia walikuwa wameitumia kwa nusu karne.

Tufikirie uzito wa kitendo hicho. Kulikuwa na watu katika kambi yake mwenyewe waliomlaumu. Waairishi wamekula miaka 50, walisema; leo zamu yetu imefika, wewe unafunga jiko? Hoja hii haikuwa ya kipuuzi. Watu weusi walikuwa wamenyimwa, na njia ya haraka ya kuwafidia ilikuwa kuwagawia. Zaidi ya hayo, Washington alihitaji silaha. Madiwani 29 kati ya 50, wakiongozwa na Edward Vrdolyak na Edward Burke, walizuia teuzi zake na bajeti zake kwa miaka mitatu. Upande wake ulikuwa na 21. Kijana Barack Obama, ambaye jina la baba yake wasomaji wa Kenya wanalifahamu vyema, alifika Chicago mwaka 1985 kufanya kazi ya kuwaunganisha wakazi wa mitaa ya kusini, akalikuta jiji likiwa katikati ya ugomvi huo. Mahakama ilipoamuru mipaka ya kata ichorwe upya, uchaguzi wa marudio wa mwaka 1986 katika kata saba ulileta sare ya 25 kwa 25, na kura ya meya ikawa ndiyo ya kuamua. Mwaka 1987 alichaguliwa tena. Tarehe 25 Novemba mwaka huo alianguka mezani kwake ofisini, akafariki dunia.

Wiki moja baadaye, maelfu ya wafuasi wake walijaa ndani na nje ya jengo la jiji huku Baraza likijadili mrithi hadi alfajiri. Madiwani wengi weupe wa upande wa zamani waliungana na baadhi ya madiwani weusi, wakamchagua Eugene Sawyer, mweusi aliyelelewa na mtambo, kwa kura 29 dhidi ya 19. Muungano wa Washington ulipasuka usiku ule. Mwaka 1989 Richard M. Daley aliingia ofisini, akakaa miaka 22, mmoja zaidi ya baba yake.

Hapa mwanahistoria lazima atenganishe vitu viwili. Muungano uliojengwa juu ya mtu ulizikwa pamoja naye. Hati aliyoisaini haikuzikwa.

Mtoto, maombi ya kazi na mita za maegesho

Daley mdogo alitawala chini ya katazo ambalo baba yake hakulijua enzi za kilele chake. Je, alilitii? Mwaka 2004 gazeti la Chicago Sun-Times lilifichua kwamba jiji lilikuwa likikodi malori binafsi kwa takriban dola milioni 40 kwa mwaka, mengi yakikaa bila kazi, huku wamiliki wakiwa na uhusiano wa kisiasa. Uchunguzi ulifika katika ofisi ya meya. Mwaka 2006 Robert Sorich, aliyekuwa akisimamia suala la ajira kwa niaba ya ofisi hiyo, alitiwa hatiani. Ilithibitika kwamba usaili ulikuwa maigizo: washindi walijulikana kabla, na alama zilijazwa ili zilingane na majina. Tayari mwaka 2005 mahakama ilikuwa imeteua msimamizi wa kuangalia ajira zote za jiji, na mwaka 2007 ukawekwa mfuko wa dola milioni 12 wa kuwafidia waliodhulumiwa nafasi.

Wapo wanaosema kwamba hayo yanathibitisha kuwa hati ile ilikuwa karatasi tu. Mimi naona kinyume chake. Enzi za Daley mkubwa, kiongozi wa kata aliandika barua mchana kweupe. Enzi za mwanawe, watu walilazimika kughushi alama za usaili, na walioghushi walikwenda jela. Ovu lililokuwa desturi lilikuwa limegeuka kosa la jinai. Hayo ni mabadiliko makubwa, hata kama ovu lenyewe halikwisha.

Na kweli halikwisha, lilihama. Ajira zilipobanwa, fadhila ilihamia katika mikataba, ushauri wa kisheria na michango ya kampeni. Desemba 2008, ndani ya siku chache tu tangu mpango kutangazwa, Baraza liliidhinisha kukodisha mita za maegesho za jiji zima kwa kampuni binafsi kwa miaka 75, kwa takriban dola bilioni 1.15. Mkaguzi mkuu wa jiji alieleza mwaka uliofuata kwamba jiji lilipunjwa karibu dola bilioni moja. Mfagiaji wa mwaka 1960 aliyepata kazi kwa barua aligharimu mshahara mmoja. Mkataba mmoja uliopitishwa bila maswali umewafunga wakazi ambao hawajazaliwa.

Usimamizi wa mahakama juu ya ajira za jiji ulikoma mwaka 2014, chini ya meya Rahm Emanuel, mahakama iliporidhika kwamba jiji limetekeleza hati kwa kiasi cha kutosha. Ilikuwa imepita miaka 45 tangu Shakman afungue kesi. Baada ya Emanuel alikuja Lori Lightfoot, mwanamke mweusi wa kwanza katika kiti hicho, na mwaka 2023 Brandon Johnson, mwalimu wa zamani aliyetoka katika chama cha walimu. Mwaka huo huo Edward Burke, yule aliyempinga Washington, aliondoka katika Baraza alimokuwa tangu 1969, mwaka ule ule wa kesi ya Shakman. Desemba 2023 alitiwa hatiani kwa kutumia udiwani wake kujipatia wateja wa ofisi yake ya uwakili.

Jibu langu la pili

Kwa mwanafunzi wangu wa semina ya jioni, basi, nasema hivi. Nilipokuambia kwamba mwajiri wako ni mwananchi, nilisema kweli, lakini ni ukweli ambao hauna nguvu peke yake. Mfagiaji wa Chicago alilipwa na wananchi mwaka 1955 kama alivyolipwa mwaka 2014. Kilichobadilika ni kwamba mwaka 1955 hakuwa na mahali pa kuupeleka ukweli huo, na mwaka 2014 alikuwa napo: hati, msimamizi, faili la usaili linaloweza kukaguliwa, na mahakama inayoweza kuuliza kwa nini jina hili na si lile.

Mambo hayo hayakuletwa na meya shujaa. Yalianza kwa mgombea aliyeshindwa, na yakapata mwenzake katika meya mmoja aliyekubali kujifunga mikono akiwa katikati ya vita. Historia ya mameya huandikwa kwa majina ya walioshika kiti. Mimi ningependa wanafunzi wangu waisome pia kwa kuuliza ni meya gani aliacha mamlaka yakiwa madogo kuliko alivyoyakuta, na ni mtumishi gani aliyelala salama kwa sababu hiyo.

Kuhusu mkuu wako aliyekuambia kwamba kazi yako ni fadhila, ushauri wangu ni mdogo na wa kiofisi. Usigombane naye. Itunze barua yako ya ajira, tangazo la nafasi uliyoomba na matokeo ya usaili wako. Andika tarehe na maneno aliyosema, na waliokuwapo. Kesi ya Chicago ilisimama kwa miaka 45 juu ya karatasi za namna hiyo, zilizotunzwa na watu ambao majina yao hakuna mtaa uliopewa.

Semina inaendelea Alhamisi. Ningependa kukiona kiti chako hakiko wazi.